Kaunta buku za mwandishi msizitupe: niliyosema kuhusu makaratasi ya riwaya za kihistoria

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu habari za mchana. Asanteni sana kwa nafasi hii, najua kuna ndugu zetu wamevuka na kivuko asubuhi kutoka Ukerewe na jioni wanataka kurudi kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye jambo. Nimeombwa niongelee makaratasi ya waandishi wa riwaya za kihistoria, yaani miswada, barua, kaunta buku, yale yote yanayobaki mwandishi akishaondoka, yatunzwe vipi na yapelekwe wapi. Mimi nashinda kwenye maboksi na mafaili ya namna hiyo, ndiyo kazi yangu, na ningeweza kuanza na mambo ya joto na unyevu, ila hapa Kanda ya Ziwa huwezi kuligusa jambo hili bila kuanza na mzee Aniceti Kitereza.

Mzee Kitereza kazaliwa 1896 kule kisiwani Ukerewe, kasoma kwa Mapadri Weupe pale Kagunguli halafu akaenda seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa, na baadaye akaona mambo ya Wakerewe wa zamani yanapotea huku yeye anayaangalia. Akakaa akaandika. Akaandika kwa Kikerewe, lugha yake, riwaya ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu walioishi Ukerewe kabla Mzungu hajafika, hawajajaliwa mtoto, wakwe wanakuja wanamchukua binti yao, mume anahangaika na pombe ya ndizi ya kuwapelekea ili arudishiwe mke. Ndani yake mna namna ya kusalimiana, namna ya kulima, waganga, uvuvi, misiba, kila kitu mpaka unaweza kuikuta Ukerewe nzima mle. Akamaliza 1945.

Sasa hapo ndipo nataka mnisikilize. Amemaliza 1945, kitabu kimetoka 1980. Miaka 35! Nani angechapa kitabu kikubwa vile kwa Kikerewe, lugha ya watu wa kisiwani? Hamna aliyekubali. Kwa hiyo miaka yote hiyo riwaya kubwa kuliko karibu zote tulizonazo ilikuwa ni furushi la karatasi tu, na kisiwa kile mnakijua wenyewe, unyevu wa ziwa, mvua za masika, mchwa, panya, na mzee mwenyewe na mkewe Anna watoto wao walifariki wakiwa wadogo, hamna mtoto wa kumwambia mwanangu haya makaratasi yatazame nikiondoka. Ukiyaweka yote hayo pamoja unajiuliza lilipona vipi. Lilipona kwa sababu mwenyewe hakukata tamaa na kwa sababu kila baada ya muda alitokea mtu mmoja wawili wakajua lipo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, kaja kutafiti historia ya Wakerewe, wakakutana na mzee, wakamtia moyo akigeuze kwa Kiswahili. Mzee wa miaka 70 na zaidi, kakaa chini tena, kakitafsiri chote mwenyewe. Tanzania Publishing House wakakitoa 1980, zaidi ya kurasa 600, na 1981 mzee akafariki, na inasimuliwa kwamba hakuwahi kukishika mkononi. Mimi jambo hili kila nikilisema linaniuma, sijalizoea.

Ila hadithi ya makaratasi haikuishia hapo, na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kitabu kikishatoka watu wanasema sasa yale makaratasi ya nini, si kimeshachapwa? Wanayachomea moto au wanafungia vitumbua. Angalieni kilichotokea: 2002 Mkuki na Nyota, nyumba ya mzee Walter Bgoya ambaye ndiye alikuwa anaongoza Tanzania Publishing House kitabu kilipotoka mara ya kwanza, wametoa tafsiri ya Kiingereza, na aliyetafsiri ni Gabriel Ruhumbika, mwandishi, Mkerewe mwenzake, na hakutafsiri kutoka kile cha Kiswahili cha 1980, alitafsiri kutoka Kikerewe. Kutoka kwenye ule mswada. Yaani miaka 57 baada ya mzee kuweka nukta ya mwisho, na miaka 22 baada ya kitabu kuwa madukani, yale makaratasi bado yalikuwa na kazi. Kama mtu angeyatupa 1980 kwa kudhani yamemaliza kazi, Ruhumbika asingekuwa na cha kufungua mezani.

Kwa hiyo ninachotaka kuwaambia leo ni hicho, kitabu kilichochapwa hakichukui nafasi ya makaratasi yaliyokizaa. Na kwa mwandishi wa riwaya ya kihistoria hili jambo lina uzito mara mbili, nieleze kwa nini.

Mwandishi wa riwaya ya kawaida anaweza kukaa chumbani kwake akatunga. Huyu wa historia hawezi, lazima atoke. Anaenda kwa bibi mwenye miaka 90 anamuuliza njaa ile mlikula nini, anaenda kwa mzee aliyepigana vita anamuuliza mlivuka mto kwa kutumia nini, anaandika kwenye kaunta buku kwa kalamu ya Bic huku mzee anaongea haraka, mwandiko unalala upande. Akirudi nyumbani kutoka kwenye maelezo ya kurasa 20 anachukua mambo mawili matatu ya kutia kwenye sura moja. Mengine yote yanabaki kwenye kaunta buku. Bibi kafa, mzee kafa, na mwandishi naye anakuja kufa, sasa hebu niambieni yale maneno ya bibi yapo wapi tena duniani? Yapo kwenye ile kaunta buku peke yake. Ukiitupa hujatupa mswada wa riwaya, umemtupa bibi. Mtu wa historia akija kesho kutafuta habari za mji wenu anaweza kuikuta riwaya akasema haya ni ya kutunga siwezi kuyatumia, lakini akiikuta na kaunta buku, imeandikwa nimeongea na mama fulani, kijiji fulani, tarehe fulani, basi hapo anajua kipi kimesemwa na mtu na kipi mwandishi kakiongeza mwenyewe.

Mfano mwingine ambao naupenda sana ni wa Shaaban Robert. Yeye kafariki 1962, lakini 2002 imetoka Barua za Shaaban Robert, barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958, kazi ya kuhariri kafanya Profesa Mulokozi. Fikirieni mtu anapokea barua ya kaka yake mwaka 1931, anaisoma, anaiweka. Anapokea nyingine, anaiweka. Miaka 27. Hakuna aliyemwambia kwamba kaka yako atakuja kuwa Shaaban Robert wa kufundishwa mashuleni, kaziweka tu kwa sababu ni za kaka yake. Na hata Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote ambavyo tumevisoma wengi wetu vimechapwa 1968, mwenyewe yupo kaburini miaka sita. Hivyo mwenyewe aliviacha vikiwa bado miswada, na mnajua nyumba ya msiba inavyokuwa, ndugu wanagawana nguo, wanagawana vyombo, makaratasi hayana wa kuyagombea, yanaishia nyuma ya nyumba.

Juzi juzi nimeitwa na familia moja, sitaitaja, baba yao alikuwa anaandika riwaya ya zama za Mjerumani na hakuwahi kuichapa. Wakanitolea sanduku la bati kutoka uvunguni. Juu kulikuwa na mapazia ya zamani, chini ndiyo makaratasi, na mchwa ulishaingia kwa kona moja ukatafuna kwa mstari kama barabara, umepita kwenye daftari la kwanza mpaka la nne, umeacha la tano na kuendelea. Nikafungua la tano. Ukurasa wa kushoto kaandika sura ya vita, mistari imekatwa imerudiwa, kifo cha mhusika mmoja kakiandika kwa namna tatu tofauti, ya kwanza anapigwa risasi, ya pili anakufa kwa maji, ya tatu haijulikani alipokufa, na hiyo ya tatu kaizungushia duara. Ukurasa wa kulia kuna hesabu, sukari, ada ya shule, nauli ya basi. Pembeni kwa penseli kaandika jina la mzee aliyemsimulia na maneno haya, yeye anasema hawakurudi watu 6. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yangu, akaona ile ada ya shule akasema hiyo ilikuwa ya kwangu, akakaa kimya. Nikamwambia dada, hili sanduku lisirudi uvunguni hata siku moja.

Sasa nije kwenye utunzaji, nitaenda haraka maana mengi ni mambo madogo, ila madogo hayo ndiyo yanayoua karatasi.

Pini na stepla zitoeni taratibu, zinashika kutu na kutu inakula karatasi mpaka inatoboka. Selotepu msibandike kabisa jamani, karatasi ikichanika iacheni imechanika, ile gundi baada ya miaka inageuka kahawia inapenya kwenye maandishi na hakuna wa kuitoa. Msipeleke kwenye laminesheni, najua stationari za mtaani wanaifanya kwa bei ndogo na inang'aa vizuri lakini ni joto na plastiki, ukishafanya hivyo huwezi kurudi nyuma. Dawa ya mende msipulizie kwenye karatasi. Maboksi yasikae chini sakafuni wala yasiegemee ukuta wa nje, muweke hata kwenye meza au rafu, yapate hewa, na unyevu ukizidi asilimia 65 hivi ukungu unaanza kuota, kwa hiyo hapa kwetu kando ya ziwa chumba kisicho na dirisha ni hatari. Nakala za kaboni, zile karatasi nyepesi za enzi ya taipu, zishikeni kwa mikono mikavu, wino wake unapaka.

Na jambo kubwa kuliko yote hayo, msipange! Nawaomba sana. Watu wa nyumbani wakisikia mtu wa nyaraka anakuja wanafanya usafi, wanachambua, barua huku, daftari kule, picha kule, yale wanayoona machafu wanatoa. Mpangilio aliouacha mwandishi nao ni habari. Kama barua ya mzee fulani imechomekwa kwenye sura ya nane basi inawezekana ile barua ndiyo iliyozaa sura ya nane, mkiitoa mkaiweka na barua zenzake hakuna atakayejua tena. Acheni kama kilivyo, pigeni picha sanduku likiwa wazi, mtuite.

Kuskani ni kuzuri na mimi nakushauri uskani, hata kwa simu, lakini skani haichukui nafasi ya karatasi halisi, msitupe karatasi kwa sababu mna picha. Na mkitumiana kwa WhatsApp mjue inabana picha, inapunguza ubora wake, tumeni kama dokumenti. Muwe na nakala tatu, angalau moja ikae nje ya nyumba hiyo. Chinua Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, mnamjua, mswada wa riwaya yake ya kwanza aliuandika kwa mkono, akautuma London kwa posta mwaka 1957 kwa kampuni ya kutaipu, nakala pekee aliyokuwa nayo, na hela kawatumia, wakakaa nao kimya miezi mingi. Ikabidi bosi wake wa redioni, mama wa Kiingereza, alipoenda likizo kwao apite pale ofisini kwao awaulize ndipo ukataipiwa. Kitabu kilichosomwa dunia nzima kilikuwa kimekaa kwenye kona ya ofisi kinapigwa vumbi.

Swali ambalo huwa naulizwa na familia ni, je tukiwapa makaratasi mtatuibia? Ni swali la haki kabisa, na wasomi wamewahi kuondoka na vitu vya watu bila kurudisha kwa hiyo simlaumu anayeuliza. Jibu lake ni kwamba kuna vitu viwili, kuna karatasi na kuna hakimiliki. Unaweza kukabidhi karatasi kwenye hifadhi ya nyaraka na hakimiliki ikabaki kwenu, kwa sheria yetu ya 1999 hakimiliki inakaa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, hao wa hifadhi wanatunza na kuonyesha, hawachapi kitabu bila nyie. Ila iandikwe. Muwe na hati ya makabidhiano, isainiwe na wanafamilia wote wenye haki, siyo kaka mkubwa peke yake, iseme nini kimekabidhiwa, nani anaruhusiwa kusoma, na kama kuna barua za siri za ndoa au ugomvi wa ndugu mnaweza kusema hizi zifungwe miaka 20 au 30. Hilo linakubalika kabisa, duniani kote wanafanya. Kuliko kuzichoma, zifungeni.

Halafu kuna la hela. Mmesikia kwamba Marekani wananunua, ni kweli. Makaratasi ya García Márquez wa Colombia yalinunuliwa na Chuo Kikuu cha Texas 2014 kwa dola milioni 2.2. Hilary Mantel, yule mama wa Uingereza wa riwaya za enzi za mfalme Henry VIII, makaratasi yake yapo Huntington Library, California, hayapo kwao. Ya Achebe mengine yapo Harvard. Mimi siwezi kumsimanga mwandishi aliyekosa hela ya dawa akauza, na huko yanatunzwa vizuri, nakiri. Ila mtoto wa Nansio kule Ukerewe anayetaka kuusoma mwandiko wa babu yake aombe viza? Ndiyo maana nasema tuanze na hapa. Dar es Salaam ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, ina sheria yake ya mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam maktaba yao ina kitengo cha East Africana, na miswada ya Kiswahili ya zamani wanayo, mingi ilikusanywa na mzee J.W.T. Allen akizunguka pwani kuomba kwa familia moja moja, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zanzibar wana Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Wakati Allen anazunguka kuna watu waliona anajisumbua na vitabu vichakavu vya mabibi, na leo mtu akitaka kusoma zile tenzi anaenda hapo hapo.

Nyie vijana mnaoandika sa hivi msidhani haya yanawahusu wazee tu, nyie mpo kwenye hatari zaidi. Mzee Kitereza alivyokata mstari tunauona mstari aliokata. Wewe unaandika kwenye laptop, unafuta, unaseva juu ya ile ile, rasimu ya kwanza imeenda. Seva faili jipya kila unapomaliza duru moja, liandike tarehe. Rekodi za sauti ulizowahoji wazee zitoe kwenye simu, simu inaibiwa, inaingia maji. Na nywila ya imeili na ya hifadhi yako ya mtandaoni mpe mtu mmoja unayemwamini, maana ukifa leo kaburi lako ndugu watalijua ila imeili yako hawataweza kuifungua, na humo ndimo mna mazungumzo yako yote na mhariri.

La mwisho nalirudisha kwa watu wa Ukerewe na kwa wenye vyuo na maktaba walioko humu. Riwaya ya mzee Kitereza inasomwa kwa Kiswahili, inasomwa kwa Kiingereza, Wajerumani nao wameitoa kwao kwa vitabu viwili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini Kikerewe chenyewe, maneno aliyoyaandika yeye 1945, mwanafunzi wa Nansio hawezi kuingia dukani akakinunua. Hakimiliki ya mzee kwa sheria yetu inafika mwisho wa 2031, kwa hiyo kuna muda wa kukaa na warithi na wachapishaji kwa heshima, kuorodhesha kila ukurasa wa mswada, nakala za taipu, barua zake na wamisionari na wachapishaji, mila na hadithi alizozikusanya, zipo kwa nani, zipo nchi gani, na kupata skani zake zije zikae Ukerewe na Mwanza. Mimi nimekuja na fomu, ipo kwa huyu dada hapa mlangoni. Aliye na barua ya mzee, picha, hata karatasi moja, hata aliyewahi kusikia kwamba padri fulani alikuwa nayo, aandike jina na namba ya simu na alichonacho, hatuchukui kitu leo, tunaandika tu nani ana nini. Wanaorudi na kivuko waanze wao. Asanteni, na mwenye swali sasa anyooshe mkono.